Lori Lililochemsha Mlangoni kwa Bimdogo

Masasi, 4 Juni 1956

Mpwa wangu Stamili,

Kabla ya kuulizana hali naandika hili kwanza, nisije nikaliruka kama nilivyoliruka miaka yote. Kuna jambo nilimficha marehemu mama yako, naye amekwenda bila kulijua. Si jambo kubwa. Nikilikumbuka hucheka peke yangu, mpaka Anastasia huja kuchungulia mlangoni akidhani homa imenipanda. Linahusu lori la yule tajiri wa Lindi nililokuwa nikiendesha zamani, lile lililokuwa likichemsha nyumbani kwenu, na mama yako akilinywesha maji. Nitakusimulia nikifika Chilangala, tukiwa tumekaa karibu na kaburi lake, tucheke pamoja. Kwenye barua halitanoga.

Sasa marahaba, maana najua umekwisha niamkia. Hapa hatujambo. Binti yangu Anastasia ananilisha uji kwa kijiko na kunificha tumbaku. Kifua kinakohoa, lakini huo ni umri tu.

Marko wa gari la posta ameniambia kwamba lori la mumeo Mohamedi linachemsha. Habari hiyo imeniuma kuliko kifua. Basi la abiria siliwezi tena; kiti chake kinataka mtu mwenye mgongo. Nilikuwa nimepanga kwamba Mohamedi anitandikie godoro nyuma ya lori lake, nipande kilima nikiwa nimelala, nije nikae huko juu alikozikwa dada yangu na mama yetu. Lori linalochemsha halitanifikisha. Basi tulitibu kwa barua, mimi na wewe. Mohamedi ana mikono mizuri, lakini wewe una macho na kalamu.

Niambie: linachemsha wapi? Kwenye kilima, kwenye tambarare, au likiwa limesimama? Maji yanapungua hata kabla ya kuchemka? Asubuhi, kabla halijawashwa, tazama mchanga ulio chini yake kama una unyevu. Chomoa kijiti cha kupimia oili. Oili ikiwa nyeupe kama uji wa maziwa, maji yameingia ndani ya injini na tuna msiba. Na mtu yeyote asifungue kifuniko cha rejeta ya maji wakati ni moto. Namjua mtu aliyeunguzwa uso kwa haraka hiyo.

Mjomba wako,
Isaka


Chilangala, 19 Juni 1956

Mjomba, shikamoo.

Sisi wazima. Esha ameota meno ya mbele na anaringa nayo kuliko mtu aliyeezeka bati. Ming'oko mwaka huu imechimbwa mingi porini, na nimekutengea yako. Najua Masasi mnayo, lakini hamjui kuipika.

Nilipomsomea Baba Esha maswali yako alicheka. Akasema, "Lori la mjomba lenyewe lilikuwa linachemsha kila wiki, leo ndiye wa kulitibu langu?" Nikamwambia, "Ndiyo maana anayajua." Akanipa kijiti cha oili.

Oili ni nyeusi, haina uweupe. Mchanga chini ya lori nimeutazama asubuhi kadhaa, ni mkavu. Maji hayapungui mpaka yachemke. Linachemsha kwenye kilima, likiwa na mzigo au bila mzigo. Kwenye tambarare linakwenda vizuri kama Baba Esha haendeshi kwa fujo. Mkanda wa feni ameubadilisha, feni inazunguka, naye alidhani amemaliza kazi. Juzi lilichemka tena pale pale kwenye kona ya pili. Abiria wawili walishuka wakatembea. Mmoja alifika kabla ya lori.

Umeandika kwamba kifua ni umri. Mwandiko wako umeinama, Mjomba. Je, unaandika umelala?

Mpwa wako,
Stamili


Masasi, 2 Julai 1956

Mpwa wangu Stamili,

Marahaba. Msalimie Esha na meno yake. Anastasia amesikia neno lako juu ya ming'oko na anasema akifika huko mtapimana.

Nimewafundisha madereva wengi kabla macho hayajapungua. Wengi nikiwauliza gari lina nini, hunijibu, "Bovu." Wewe umeniletea oili, mchanga, kona na abiria aliyetangulia. Nimeisoma barua yako kama mtu anayefungua boneti mwenyewe.

Basi hakuna tundu, na feni inafanya kazi. Kilichobaki ni maji kutozunguka ipasavyo. Pale mpira wa juu wa rejeta unapoingia kwenye injini pana kizibo kidogo cha shaba, kinaitwa themostati. Maji yakiwa baridi kinafunga, yakipata moto kinafunguka yapite. Kikikwama kimefunga, gari linachemka. Mwambie Mohamedi akitoe. Kifunge kwa uzi, kitumbukize kwenye sufuria ya maji jikoni, uchochee moto na utazame. Kikifunguka hakina kosa. Mimi nakishuku sana.

Kisipokuwa na kosa, kirudisheni, liendesheni lori mpaka lipate moto, mzime injini, kisha uweke kiganja juu ya rejeta yenyewe, upite nacho polepole toka juu mpaka chini, upande huu mpaka upande ule. Uniambie kila ulichohisi.

Kuhusu mwandiko, meza ya hapa ni mbovu.

Isaka


Chilangala, 21 Julai 1956

Mjomba, shikamoo.

Huku juu upepo ni wa baridi na watoto wana mafua. Mbuzi mmoja amezaa mapacha.

Nilikipika kizibo chako. Jirani yangu Mwanasha alikuja kuomba moto, akachungulia sufuria.

"Unapika nini?"

"Kifaa cha lori."

"Kina mchuzi?"

"Kikiiva nitakuletea bakuli."

Alikaa kungoja aone. Maji yalipoanza kutoa mvuke kizibo kikafunguka taratibu kama jicho la mtu anayeamka, na nilipokitoa kikajifunga. Basi hapo umekosea, Mjomba. Samahani kwa kukuambia.

Halafu tulilizungusha lori mpaka likapata moto, nikaweka kiganja. Juu kabisa ni moto, sikuweza kuuacha mkono hapo. Pembeni, upande wa kulia, ni moto kidogo. Lakini katikati na chini, sehemu kubwa kama sinia, ni baridi kama mtungi. Nilidhani nimekosea, nikamwita Baba Esha aguse. Aligusa, akaguna, akaenda kukaa.

Mwanasha alipoona naliwekea lori mkono kama mtoto mwenye homa alisema, "Mwenzetu amerithi lori kwa mama yake." Watu wazima hapa bado wanamkumbuka mama kwa maji ya lori lako. Ukifika watakusimulia mpaka uchoke.

Meza ya hapa ni nzuri. Njoo uandikie hapa.

Stamili


Masasi, 30 Julai 1956

Mpwa wangu Stamili,

Marahaba. Watoto wapewe kitu cha moto. Nimefurahi kukosolewa na mtu aliyekosoa kwa sufuria.

Kiganja chako kimeuona ugonjwa. Ndani ya rejeta mna mirija myembamba. Maji ya moto hushuka humo na upepo huyapoza. Palipo baridi wakati kwingine kuna moto, maji hayafiki. Mirija imeziba. Mimi nisingeweza kuligundua hilo nikiwa Masasi, wala Mohamedi aliye karibu nalo kila siku hakuligundua. Laiti ungekuwa mwanafunzi wangu, ningekuwa na la kujisifia.

Sasa nina swali moja tu, unijibu kweli hata kama ni aibu. Maji ya zamani yalimwagwa lini yakatiwa mapya?

Isaka


Chilangala, 26 Agosti 1956

Mjomba, shikamoo.

Nimechelewa. Hatukuwa wagonjwa. Baba Esha hakutaka nikujibu, na mimi sikutaka kuandika uongo.

Maji hayajamwagwa hata mara moja tangu alinunue lori hili. Yakipungua anaongeza. Nilipomwuliza kwa nini, alinitazama kama nimemwambia achome nyumba. "Nimwage maji? Huku?" Nawe unajua, Mjomba, huku nani anamwaga maji? Ya kuogea mtoto yanafulia, ya kufulia yananyweshea miche ya tumbaku. Wakwe wakimwona anafungua bomba la rejeta na kuyaacha yaende mchangani, watauliza binti yao wamempa mtu wa namna gani.

Na anayoongeza ni yale ya kwenye shimo letu la mvua, yenye udongo mwekundu. Ya chemchemi tunayanywa. Halafu mwaka juzi rejeta ilitoboka kidogo, fundi mmoja wa njiani akamshauri atie unga wa muhogo. Alitia vibaba viwili. Tundu liliziba kweli.

Ameniomba nikuambie kwamba alikuwa anatunza maji.

Marko anasema hukutoka nje alipoleta posta mara mbili zilizopita. Anastasia ndiye aliyepokea. Sikuulizi tena juu ya meza.

Stamili


Masasi, 3 Septemba 1956

Mpwa wangu Stamili,

Marahaba. Mwambie Mohamedi asione haya mbele yangu. Fundi wa Lindi angemcheka, kwa sababu pale maji yanapita mtaroni. Mtu aliyelelewa huko juu akiweza kumwaga maji bila kusita, basi hakulelewa vizuri.

Fanyeni hivi. Msimwage nyumbani. Asubuhi lori likiwa baridi literemsheni mpaka kwenye chemchemi, msimame chini ya mahali pa kuchotea, msichafue maji ya watu. Mfungue bomba la chini, yote yatoke. Mohamedi aifungue rejeta, aipindue kichwa chini, mtie maji kutoka chini kwenda juu, kinyume na yanavyopita kila siku, ili uchafu urudi ulikoingilia. Siku ya kwanza mtie maji ya moto yenye magadi, yakae. Kisha suuzeni, debe baada ya debe, mpaka yatoke meupe. Msichoke mapema. Injini nayo isuuzeni kwa mpira wa juu.

Kisha pandeni kilima. Ukifika juu weka kiganja, uniandikie.

Anastasia ananisaidia kuandika mistari hii ya mwisho. Mwandiko ukinyooka ghafla usidhani nimepona.

Isaka


Chilangala, 24 Septemba 1956

Mjomba, shikamoo, na ahsante kwa kusema kweli, ingawa umeisema mwishoni na kwa mkono wa dada Anastasia.

Lori limepona.

Tulikaa chemchemini siku mbili. Wanawake waliokuja kuchota walisimama na ndoo vichwani wakitutazama.

"Stamili, leo mnaogesha lori?"

"Lina harusi."

"Bwana harusi nani?"

"Mjomba wangu wa Masasi. Atalala nyuma."

Walicheka, kisha wakatua ndoo wakatusaidia kutia. Maji ya kwanza yalitoka mekundu na mazito, na vipande vya unga vilivyoganda kama makoko ya ugali. Baba Esha, mwanamume mzima, alikinga beseni chini ya bomba.

"Hayo utampa nani, Baba Esha?"

"Mbuzi."

"Mbuzi gani atakunywa kutu?"

Alilishika beseni lile kwa muda mrefu kabla hajalimwaga, na alilimwaga akiwa ametazama pembeni.

Tulipopanda, kona ya pili ilipita bila mvuke, na ya tatu. Juu kabisa alisimamisha lori, akafungua boneti. Niliweka kiganja, joto lilikuwa sawa toka juu mpaka chini. Naye akagusa. Tulipofika nyumbani akaanza kuwaita watu waje waguse. Mpaka jioni walikuwa wanagusa.

Mjomba, nilipokuwa nimesimama pale juu lilinijia jambo. Swali lako la kwanza lilikuwa: linachemsha wapi? Nami nikajiuliza juu ya lori lako la zamani. Kwetu ni mbali na kilima, na njia ya huku juu ni tambarare. Lori lililopanda kilima chote bila kuchemka, mbona lilichemka kwenye tambarare, mlangoni kwetu, kila Alhamisi, na si kwingine? Nadhani mkanda wa feni ulikuwa umelegea. Au sivyo?

Alhamisi zile nazikumbuka. Mama alikuwa anatoka jogoo la kwanza, anarudi na mtungi jua limepanda. Hakuyagusa maji hayo, wala sisi hatukuyagusa. Lori likija linakunywa yote. Mkiondoka anashika tena ule mtungi, anashuka bondeni mara ya pili, na tunakula giza limeingia. Unaikumbuka shingo yake iliyolalia upande? Watu wakimwuliza alijibu, "Hii ni ya lori la kaka," na alisema kwa kujivuna. Hata katika ugonjwa wake wa mwisho aliwaambia wanawake waliokuja kumtazama, "Chumvi na nguo mlizovaa miaka ile zisingefika Newala bila maji yangu." Tulimzika akiwa na sifa hiyo.

Baba Esha anamaliza kupeleka muhogo wa watu, kisha tunakuja kukuchukua. Niandikie siku inayokufaa.

Stamili


Chilangala, 14 Oktoba 1956

Mjomba, shikamoo.

Barua yangu ya mwisho najua imefika, Marko aliiweka mkononi mwako. Anasema uliisoma mbele yake, ukaikunja, ukageukia ukutani. Nimengoja jibu.

Kama nimekuudhi kwa kuuliza juu ya lori lako, nisamehe. Nilikuwa najivuna kidogo kwa yale uliyonifundisha.

Mikorosho imeanza kuangusha. Esha anakula mabibo mpaka nguo zote zina madoa. Godoro limeshonwa, nimelijaza usufi mpya. Tunakuja Alhamisi, tarehe 25. Usipojibu tutakuja tu.

Stamili


Masasi, 20 Oktoba 1956

Mpwa wangu Stamili,

Marahaba, mwanangu. Anastasia hajambo na amekwisha funga nguo zangu. Mimi siku zangu haziendi mbali. Mganga wa hospitali amesema hivyo kwa maneno mazuri ya Kiingereza, akidhani sitayaelewa.

Hukuniudhi. Barua hii nampa Marko aitangulize, na naandika mwenyewe, kwa hiyo isome polepole. Isome kabla Mohamedi hajawasha gari. Ukiisha kuisoma, ukiona afadhali godoro likunjwe, usinitumie hata neno. Nitazikwa hapa Masasi na sitakuwa na lawama na mtu.

Nilikuambia kwamba nina jambo la kutuchekesha. Nililicheka kwa zaidi ya miaka ishirini. Tangu barua yako ya Septemba silicheki.

Mama yetu alipofariki nilikuwa nimebaki na dada yangu Bimdogo tu, mama yako. Nilikuwa nimesoma shule huko Chiwata, nimefundisha watoto kidogo, kisha yule tajiri akanichukua kwa kuwa niliweza kusoma kitabu cha injini. Kila Alhamisi nilipita mlangoni kwa dada yangu. Pembeni yangu alikaa msimamizi wa tajiri, mtu mwenye saa, na amri ilikuwa moja: lori halisimami njiani ila limeharibika. Wiki za kwanza nilipiga honi nikapita. Yeye alikuwa anatoka mbio, mikono ina unga, anaona vumbi tu. Mara ya tatu nilimtazama katika kioo amesimama katikati ya njia.

Baada ya hapo lori likaanza kuchemsha. Nilikuwa nikisimama, mvuke unatoka, msimamizi anashuka kwenda kivulini kutukana mashine, na mimi nakaa na dada yangu mpaka injini ipoe. Ananipa habari za nyumbani. Ndipo nilipokuona wewe kwa mara ya kwanza, ukiwa mgongoni kwake. Anamimina maji mwenyewe, hataki nimsaidie, naye anamwambia msimamizi, "Mashine yako hii ina kiu kuliko ng'ombe." Alikuwa anapendeza akisema hivyo. Sikupata kuona mtu aliyetoa kitu kwa furaha namna ile.

Sikuwa mgeni wa nchi hiyo. Nilijua maji yako wapi. Siku ya kwanza nilimwuliza, "Dada, haya ukitupa mtakunywa nini?" Akajibu, "Ndani yapo mengi, shemeji yako amechimba shimo kubwa. Kunyweshea gari hayapungui." Nilimwamini. Ilinifaa kumwamini. Sikuingia ndani kutazama, mimi ninayewaambia madereva watazame hata mchanga. Safari ya pili bondeni sikuijua mpaka uliponiandikia wewe. Naye alinificha, nami nilimficha. Lakini alichokificha yeye alikibeba kichwani, na shingo ikalala. Mara ngapi nilimtania kwa shingo ile, naye akacheka.

Wakati huu wote sikukujibu kwa sababu nilikuwa nikipima jambo. Sifa aliyozikwa nayo ni yake, na nikisema kweli ninamnyang'anya. Nimepima mpaka nimeona hivi: chumvi na nguo zingefika Newala hata bila yeye, lakini mimi nisingefika. Hilo alilifanya kweli, na sijapata kuona mtu wa kulinganishwa naye, isipokuwa wewe ukiwa na kiganja chako juu ya rejeta. Uamue mwenyewe kama utawaambia wanawake wa Chilangala.

Uliuliza kama mkanda wa feni ulikuwa umelegea. Haukulegea. Pampu ilikuwa nzima, mirija ilikuwa safi, kizibo kilifunguka, na nyuma ya kiti changu palikuwa na debe la maji lililojaa toka Masasi, ambalo sikulifungua hata siku moja. Pale juu kilima kinapokwisha nilisimama kila Alhamisi kama mtu anayekwenda haja, nikapita mbele ya lori na gunia ndani ya shati, nikaifunika rejeta kwa gunia hilo isipate upepo. Mlangoni kwenu, nikiinua boneti ndani ya ule mvuke, nililichomoa gunia nikalificha tena ndani ya shati, wakati dada yangu anakuja na mtungi.

Lori halikuwa na ugonjwa wowote.

Mjomba wako,
Isaka